Jibu: Lake George, inafaa siku mbili au ni kula hela tu?

Mambo vipi mkuu. Kama nimekuelewa, unauliza kama kile kijiji cha Lake George, jimbo la New York, kinastahili siku mbili au ni mbwembwe tu za kuwakamua watalii, na umepanga kwenda Novemba. Cheki tarehe kwanza, hiyo ndo ishu yako, maana pale ni biashara ya kiangazi, Novemba moteli nyingi na viwanja vya gofu ndogo vinakuwa vimefungwa utakuta barabara tupu. Sogeza iwe Julai au Agosti.

Ukifika, gari iache, tembea Canada Street jioni taa za mabango zikiwaka. Mchana kunaonekana kumechoka, sikufichi. Ingia House of Frankenstein, yale masanamu ya nta ni ya kuchekesha kuliko kutisha na utamu wake ndo huo huo, halafu panda Minne-Ha-Ha, meli ya mvuke yenye gurudumu nyuma, ina filimbi za mvuke zinapiga muziki mji mzima unasikia, mi naipenda kuliko vyote pale. Fort William Henry usiende ukitegemea ngome yenyewe ya zamani, ile ilichomwa 1757, hii ilijengwa upya miaka ya 1950, yaani nayo ni ya utalii tu.

Siku moja na usiku wake inatosha. Ya pili nenda Bolton Landing, ziwa lile lile ila kumetulia.