Kitanda cha moyo kinachoinama, mama anaogopa

SWALI: Shikamoo dokta, mama yangu mapigo yake ya moyo hayaendi sawa, hapa Uyole tunajiandaa kumpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar, sasa kasikia kitanda cha kule cha kufanyia matibabu ya moyo kinainamishwa kichwa chini, hataki kusafiri.

JIBU: Marahaba. Mwambie hadondoki, anafungwa mikanda, na kinainama kidogo tu. Wanakiinamisha presha ikishuka ghafla, ili damu ya miguuni irudi kwenye moyo, au wakitafuta mshipa karibu na bega wa kupitisha waya za pesimeka, yaani kifaa cha kusaidia moyo upige sawa; kikiinama ule mshipa unajaa na hewa haipati mwanya wa kuingia, maana hewa humo ni hatari kweli. Ubao wa kitanda hicho kwa kawaida ni wa kaboni, eksirei inapenya. Kama akilala chali pumzi inabana, awaambie madaktari mapema jamani.