Jina alilitoa mwanasheria, mji wakaujenga wafumaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mji gani una jina linalowapotosha watu kuhusu waliouanzisha. Mimi nawapeleka Pennsylvania, kwenye mji wa Germantown, ambao siku hizi ni mtaa wa Philadelphia. Maana ya jina ni wazi: Mji wa Wajerumani. Kila tarehe 6 Oktoba Wamarekani wenye asili ya Ujerumani husherehekea siku yao kwa sababu tarehe hiyo, mwaka 1683, meli iitwayo Concord ilifika Philadelphia na familia 13 kutoka Krefeld, watu 33 kwa jumla.

Krefeld ya leo iko Ujerumani, hilo halina ubishi. Lakini wakati ule ilitawaliwa na nasaba ya Orange ya Uholanzi, na lugha waliyozungumza wale watu majumbani ilikuwa jirani zaidi na Kiholanzi kuliko Kijerumani cha wasomi. Sikiliza majina yao: op den Graeff, Kunders, Lucken, Strepers. Wengi walikuwa wafumaji wa kitani waliolelewa katika imani ya Mennonite, Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, kisha wakajiunga na Wakweka, yaani Marafiki, kama tunavyowaita huku magharibi mwa Kenya. William Penn, aliyepewa koloni la Pennsylvania na mfalme wa Uingereza mwaka 1681, alikuwa Rafiki pia. Aliwauzia ardhi na kuwahakikishia kwamba wataabudu bila kusumbuliwa.

Basi Ujerumani uliingiaje? Uliingia na mtu mmoja: Francis Daniel Pastorius, mwanasheria mzaliwa wa Sommerhausen, Ujerumani, aliyetangulia kufika tarehe 20 Agosti. Alikuwa wakala wa kampuni ya watu wacha Mungu wa Frankfurt, watu wenye fedha zao. Walinunua maelfu ya ekari, halafu wakabaki kwao, wakamwachia Pastorius kazi yote. Ndiye aliyeuita mji Germanopolis. Watani wakaugeuza kuwa Armentown, na neno "arm" ni maskini, kwa Kijerumani na kwa Kiholanzi pia. Kwangu mimi, hilo la utani ndilo lililokuwa jina la haki.

Maana umaskini ulikuwepo kweli. Pastorius mwenyewe alianza kwa kuishi katika pango lililochimbwa ardhini, na humo ndimo watu wa Krefeld walipopiga kura ya kugawana viwanja Oktoba hiyohiyo. Baadaye alijijengea kijumba. Kwa kukosa kioo alifunika madirisha kwa karatasi iliyolowekwa mafuta, na juu ya mlango akaandika kwa Kilatini kwamba nyumba ni ndogo lakini ni rafiki wa watu wema, waovu wakae mbali. Penn alipoyasoma maneno hayo aliangua kicheko.

Kilichowainua ni kitani. Mhuri wa mji ulikuwa na mzabibu, mmea wa kitani na kibiringo cha mfumaji. Mwaka 1690 William Rittenhouse alishiriki kuanzisha kinu cha karatasi pale karibu, cha kwanza katika makoloni ya Uingereza huko Amerika, na karatasi enzi hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani. Shati likichakaa, linarudi kuwa ukurasa.

Miaka miwili kabla ya kinu hicho, Aprili 1688, wanaume wanne waliandika waraka wa kupinga utumwa: Pastorius, ndugu wawili Dirck na Abraham op den Graeff, na Garret Hendericks. Waliuandika kwa Kiingereza cha kubahatisha, lakini hoja ilikuwa kali. Waliuliza: kama mabaharia wanaogopa kutekwa na Waturuki na kuuzwa, Mwafrika anayeletwa kwa nguvu ana tofauti gani? Watendee watu wote kama unavyotaka kutendewa, walisema, bila kujali kizazi, asili wala rangi.

Msomaji wa Kaimosi, kitovu cha Marafiki huku kwetu, ataijua njia uliyopita waraka huo. Mkutano wa mwezi uliona jambo ni zito, ukaupeleka kwa mkutano wa robo mwaka. Nao ukaupeleka kwa mkutano wa mwaka, kule Burlington, ambako uliwekwa kando. Ilikuwa 1776 ndipo Marafiki wa Philadelphia walipowakataza washirika wao kumiliki watumwa. Karatasi yenyewe ilipotea, ikapatikana 1844, ikapotea tena, ikaonekana 2005.

Na katika waraka huohuo kuna sentensi moja inayojibu swali lenu kuliko mimi. Wanawaambia wenye watumwa kwamba katika jambo hili wamezizidi Uholanzi na Ujerumani. Walitaja nchi mbili, na Uholanzi ndiyo iliyotangulia.