Sanduku Lako Lipange Mwenyewe

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Sakina, Arusha. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ujerumani, visa imetoka, anaondoka mwezi wa tisa. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Naomba orodha ya vitu vya kubeba. Mama ameshaanza kununua, na shangazi zangu nao wanaleta vitu kila siku, chumba kimejaa." Nilipofika kwenye hao shangazi niliweka simu chini, nikatoka nje nikakaa kibarazani kwa muda. Miaka imepita, na bado jambo lile linanichoma.

Marahaba, mdogo wangu. Orodha nitakupa, ila kwanza nikusimulie yaliyonipata, maana orodha ninazo nyingi nilizopewa mimi na hakuna hata moja iliyoniokoa.

Mimi niliondoka Septemba 2022 kwenda Leipzig, huko huko Ujerumani. Kwetu Machame jina hilo si geni. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanzia Machame, na bibi yangu alikua akilisikia kanisani tangu utoto wake. Nilipomwambia nakwenda kusoma huko alinishika mikono yote miwili akasema, "Wao walikuja kwetu, sasa wewe unakwenda kwao." Nililia. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka bahari kwa ajili ya shule, achilia mbali binti. Ndiyo maana ile safari haikuwa yangu peke yangu, na ndiyo maana kila mtu alijiona ana haki ya kutia mkono kwenye sanduku langu.

Mama aliweka mchele na iriki. Shangazi mkubwa alileta unga wa dona kilo tano na wa ulezi kilo mbili, akisema Wazungu hawana uji. Shangazi mdogo alileta sufuria mbili, mwiko na vitenge sita. Binamu zangu wakaongeza dagaa, karanga na shuka la Kimasai. Usiku wa mwisho bibi akatuma kopo la samli, aliyoitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wake mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani natazama. Niliona aibu kusema "hapana" kwa watu wanaonipenda kiasi kile. Folda yangu ya vyeti halisi, ya rangi ya njano, niliilaza katikati ya vitenge ndani ya sanduku kubwa, kwa sababu mtu aliniambia vyeti visikunjwe na begi la mgongoni lingevikunja. Hilo lilikuwa kosa langu, nalikiri.

Tiketi yangu iliruhusu masanduku mawili, kilo 23 kila moja, na begi la mkononi la kilo 7. Kule nyumbani hakuna aliyepima. Tulifika uwanja wa ndege wa KIA watu kumi na wanne katika Noah mbili. Sanduku la kwanza likawa na kilo 31, la pili 29. Dada wa kaunta alikuwa mpole, akanionyesha bei ya kilo za ziada, na hatukuwa nayo. Basi tukafungua masanduku pale pale sakafuni, watu wakipita wakitazama. Shangazi wakapiga magoti, wakawa wanatoa na kurudisha, huyu anatoa unga, yule anaurudisha anatoa kitenge, na kila kilichotolewa kinatupiwa ndani ya kiroba. Mimi nilikuwa nalia na kuagana na baba. Tulipopima tena ikawa kilo 23 kamili, wote wakapiga makofi. Kiroba kikarudi Machame.

Nilibadilisha ndege Addis Ababa, nikatua Ujerumani asubuhi. Watu wa forodha wakaniuliza kama nina nyama au maziwa. Nikasema sina nyama, nina samli ya bibi. Wakaitoa. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingiza nyama wala maziwa, wala vitu vinavyotokana navyo kama samli, hata viwe vidogo namna gani. Yule afisa alifanya kazi yake na sina lawama naye. Lakini nilisimama pale nikiona kopo la bibi linawekwa kwenye pipa, na bibi amefariki mwaka uliofuata nikiwa bado huko. Kila mtu anayeniuliza abebe chakula gani, mimi nakumbuka lile kopo.

Usiku wa pili, hosteli, nilifungua sanduku nitoe folda, kwa kuwa asubuhi nilikuwa naenda kujisajili chuoni. Vitenge vilikuwepo, vinne. Unga ulikuwepo. Mwiko ulikuwepo. Folda haikuwepo.

Kwa miezi hiyo Tanzania iko mbele ya Ujerumani kwa saa moja, kwa hiyo nyumbani ilikuwa yapata saa sita usiku nilipompigia mama. Alienda stoo na tochi. Nilimsikia akivuta kiroba, kisha kimya, kisha, "Mwanangu, iko hapa." Cheti cha kidato cha nne, cha sita, shahada, matokeo yote ya chuo, cheti cha kuzaliwa: vyote vimelala stoo Machame juu ya unga wa ulezi, na mimi niko Leipzig na shuka la Kimasai.

Kilichoniokoa ni kijana mmoja wa steshenari pale mjini Moshi. Wiki moja kabla nilikuwa nimekwenda kutoa kopi, akaniuliza, "Dada, nikuskanie na kukutumia kwenye barua pepe? Shilingi mia tano kwa karatasi." Nilikubali kwa kumwonea huruma tu, duka lake lilikuwa halina mteja. Zile skani ndizo nilizowaonyesha ofisi ya usajili. Wakakubali kuniandikisha kwa masharti, wakanipa wiki mbili nilete halisi. Baba alivituma kwa kampuni ya vifurushi kwa zaidi ya laki moja na nusu, pesa ambayo ilikuwa ya matumizi ya nyumbani kwa mwezi ule. Vilifika siku ya kumi na moja. Siku zote hizo nilikuwa silali, na hakuna aliyejua, maana picha nilizokuwa natuma nyumbani nilikuwa natabasamu.

Kwa hiyo sikiliza. Vyeti vinakaa kwenye begi la mgongoni, na begi la mgongoni linakaa na wewe, hata chooni. Pasipoti, barua ya chuo, vyeti halisi, bima, karatasi za akaunti, namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwa sababu simu huzimika. Skani vyote, jitumie kwenye barua pepe, na mtumie mtu mmoja unayemwamini. Uliza mapema chuo chako kinataka kopi zenye muhuri wa nani, kwa sababu muhuri wa wakili wa hapa kwetu si kila chuo cha nje kinaupokea. Kwa Ujerumani, muhuri wa ubalozi wao ulioko Dar es Salaam ndio wa uhakika zaidi.

Jina nalo liangalie leo, usingoje kesho. Jina langu la katikati ni la Kichaga. Kwenye pasipoti lina herufi w, kwenye cheti cha kidato cha nne halina, kwa sababu karani wa shule aliliandika alivyolisikia na mimi nikiwa na miaka kumi na sita sikujua kwamba herufi moja ina thamani. Ilinibidi niende kuapa kwa wakili kwamba watu hao wawili ni mimi mmoja. Weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya NECTA na pasipoti mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza kuishughulikia kabla hujaomba hata miadi ya visa, kwa sababu miadi yenyewe husubiriwa na safari ya basi kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Si safari ya kurudia kwa ajili ya herufi.

Kuhusu pesa sitasema mengi, bado inaniuma. Wewe visa umeshapata, lakini najua wengi wanaosoma hapa wako njiani kama tulivyokuwa sisi. Ujerumani inataka mwanafunzi asiye na ufadhili aonyeshe pesa za mwaka mzima katika akaunti maalumu wanayoiita Sperrkonto, unayoruhusiwa kuchota kiasi fulani tu kila mwezi. Mwaka wangu ilikuwa euro 10,332. Kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Baba ni mwalimu mstaafu. Alitoa kiinua mgongo chake, akakopa SACCOS, na ndugu yetu mmoja mwenye uwezo akaahidi milioni nane mbele ya kikao cha ukoo. Mwezi Julai akasema mambo yamekuwa magumu. Kwenye sherehe ya kuniaga alikuja, akakaa meza ya mbele, akapewa nafasi ya kutoa nasaha. Ile milioni nane tuliipata kwa kuuza ng'ombe na pikipiki ya kaka yangu. Mdogo wangu, na nyote mnaosoma: ahadi si pesa. Hesabu kilichoko benki. Usikubali sherehe kabla fedha haijaingia kwenye akaunti, kwa sababu ukumbi, pilau na keki vinalipwa taslimu na wewe unabaki na ahadi.

Nguo ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Baridi ya Arusha ya mwezi wa saba haikuandai kwa Januari ya Leipzig, ambako maji ya dimbwi yanakuwa jiwe, na mwezi Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Lakini huhitaji kununua makoti ya laki tatu madukani. Nenda soko la mitumba la Memorial pale Moshi asubuhi robota zinapofunguliwa. Makoti mazito ya Ulaya yamejaa, wanaoyatafuta ni wapagazi wa mlimani, sisi wengine tunayaruka. Langu nilinunua elfu ishirini na tano na nililivaa miaka miwili. Koti moja, sweta mbili, soksi nzito, viatu visivyopitisha maji. Mengine utanunua huko baada ya kuona wenzako wanavaa nini. Kitenge beba kimoja cha kujifunga na kimoja cha shughuli. Beba kichwa cha plagi, kwa kuwa matundu yao ni ya duara na yetu ya pembe nne, ingawa umeme ni ule ule wa volti 230.

Chakula: unga kidogo na viungo. Dagaa wangu walipita. Nyama na maziwa usiguse, nimekwisha kukueleza. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa machache, na ndizi ni mojawapo ya hayo machache, kwa hiyo parachichi za kwenu ziache, ndizi mbili tatu za kupika unaweza. Jifunze tu kupika. Mimi nilijua, lakini nimeona vijana wa kiume wenye maksi za juu kuliko zangu wakikonda kwa kula mkate mkavu Jumapili, siku ambayo maduka ya Ujerumani karibu yote hufungwa.

Sasa niwaambie na wazazi, maana najua binti huyu atamsomea mama yake. Mama zangu, shangazi zangu, mapenzi yenu tunayajua. Hayahitaji kupimwa kwa kilo. Mtoto aliyelelewa vizuri anaondoka na malezi yenu hata akibeba begi tupu. Mnapomjazia sanduku mnamfundisha kwamba hawezi kujiamulia, na anakokwenda hakuna shangazi wa kumwamulia lolote: atapanga chumba mwenyewe, atakwenda ofisi ya serikali mwenyewe kuandikisha anwani, atachagua masomo mwenyewe, ataumwa mwenyewe. Mwacheni aanze na sanduku. Kama mna kitu cha kumpa, mpeni pesa ya euro mkononi, hata hamsini, itamlipia treni siku ya kwanza. Nami nawaombea Mungu awape moyo wa kuelewa, kwa sababu mama yangu hadi leo akiona kiroba anaomba msamaha, na mimi sitaki mama mwingine abebe mzigo huo.

Mimi nilimaliza 2024, kwa alama nzuri, nikarudi. Shahada yangu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya hapa kwetu, wameitambua, na waliniomba hati zile zile ambazo zililala stoo.

Mdogo wangu wa Sakina, mizani ya kushika mkononi ninayo. Jumamosi ya kabla ya safari yako nitapanda gari la asubuhi kuja kwenu. Nikifika nataka sanduku liwe limeshapangwa na wewe, kwa mikono yako, kilo 21 na si zaidi, maana usiku wa mwisho kuna mtu ataleta kitu. Na folda nataka niikute begani kwako.