Usiitupe dawa ya wasiwasi kabla ya wiki ya nne

Mara ya kwanza moyo uliponienda mbio bila sababu nilikuwa ghalani Tandahimba, napima korosho. Msimu umekolea, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, mara vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata, nikajua leo ndiyo leo. Nikasingizia haja, nikaenda nyuma ya ghala kushika mti mpaka ikapita. Ikajirudia wiki ile ile, na nyingine. Ikafika mahali nauogopa mzani wenyewe.

Tukapima presha, iko sawa. Malaria, hakuna. Mjomba akaniita pembeni: "Mpwa wangu, umetupiwa kitu wewe. Twende Newala kwa fundi." Kwetu mjomba habishiwi, basi tukaenda. Ya huko sisimulii, ila pesa ilitoka na moyo ukaendelea kudunda.

Kosa langu halikuwa Newala. Kosa lilikuwa duka moja la dawa, ambako niliuziwa diazepamu bila cheti cha daktari. Wengi mnaijua kwa jina la Valium. Jamani, ile dawa ni tamu! Kidonge kimoja cha miligramu 5, haijapita saa nzima mabega yameshuka, naongea na watu, nacheka. Mwezi wa pili kimoja hakitoshi, nameza viwili. Siku vilipoisha sikulala usiku kucha, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai sikishiki. Hapo ndipo nilipopanda gari kwenda Mtwara mjini, kliniki ya afya ya akili.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Aliniuliza kama nina pumu, nakunywa nini, kahawa vikombe vingapi, akanipapasa shingo kutafuta dalili za tezi, kwa sababu tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo huupeleka moyo mbio. Nilipomtajia diazepamu alitikisa kichwa. "Baba, hiyo inanyamazisha yowe tu. Mwizi bado yumo ndani." Hakunikatia ghafla, maana mwili ulioizoea ukinyimwa kwa mara moja unaweza hata kuanguka kifafa. Aliipunguza kidogo kidogo, na juu yake akanianzishia fluoksetini, dawa ya kutibu wasiwasi wenyewe, kapsuli moja ya miligramu 20 kila asubuhi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Fluoksetini na ndugu zake, kama sertralini, hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki 2 mpaka 4, wengine 6. Na siku za mwanzo zinaweza kukuzidishia wasiwasi wenyewe! Mimi nilipata kichefuchefu, usingizi ukapaa, siku ya tisa nikataka kuzitupa chooni. Mke wangu akakataa. Kila nikimeza alikuwa anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. "Baba Zuhura, daktari kasema mwezi. Hebu hesabu hapa, mwezi umefika?" Mstari wa 31 ulinikuta nimesimama kwenye mzani toka asubuhi mpaka jioni, nikakumbuka kuogopa wakati nimeshafika nyumbani.

Nilipokuwa kwenye benchi la kliniki niligundua kila mtu na dawa yake. Jirani yangu alipewa amitriptilini, dawa ya zamani, anameza usiku kwa sababu inaleta usingizi; analalamikia mdomo kukauka na choo kigumu. Hiyo ifichwe mbali na watoto kabisa, ikizidi inaudhuru moyo vibaya. Mwingine alikuwa na propranololi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini haigusi mawazo, na mwenye pumu haimfai. Kwa hiyo usiombe dawa ya mwenzako eti kwa kuwa imemsaidia. Mjamzito, anayenyonyesha, au anayemeza dawa nyingine yoyote aseme mapema. Tramadoli wanayomeza vijana kwa maumivu au starehe ni hatari ikikutana na fluoksetini. Na kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo. Akianza kuongea habari za kujiua, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaume wenzangu, kuna jambo hatulisemi: dawa hizi zinaweza kuharibu mambo ya chumbani. Mimi lilinipata. Nilizunguka nalo miezi miwili kwa aibu, nikakaribia kuacha dawa kimya kimya. Nilipolitoa, daktari hata hakushtuka. Akasema kuna kubadilisha dawa, kuna kurekebisha dozi, kuliko kuacha bila kumwambia.

Vidonge havikufanya kazi peke yake. Nilifundishwa kukikaribia kile ninachokiogopa hatua kwa hatua: kwanza kusimama mlangoni mwa ghala, kisha kukaa mezani dakika 10, kisha nusu siku. Kwa wengine mazungumzo ya namna hiyo yanatosha bila kidonge hata kimoja. Ulizieni kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine.

Kupona nako kuna mtego wake. Mwezi wa tatu nilijiona mzima, nikaona za nini tena. Daktari akanieleza kwamba dawa huendelea miezi 6 mpaka 12 baada ya nafuu, ndipo ishushwe taratibu.

Kinachonisumbua sasa ni mabibo. Msimu ukianza, uraka, ile pombe ya mabibo, uko kila kona, na pombe na dawa hizi havipatani. Kwa diazepamu ndiyo kabisa, pumzi inaweza kuzimika usingizini. Wenzangu wa ghalani bado wananijazia kikombe wakinitania, nami nakisogeza kwa mjomba. Yeye anakipokea, ananitazama, anauliza kwa sauti ya chini, "Ile ya asubuhi umeshameza?"