Maswali ya wasomaji: Kariakoo kuna cha kuona zaidi ya maduka?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi nimepanga Ilala na karibu kila siku nakatiza Kariakoo kwenda kazini. Sasa shemeji yangu anakuja kutoka Mwanza, ni mtu wa kupenda majengo ya zamani, nikamwambia ntamtembeza Kariakoo akacheka sana, anasema kule kuna maghorofa ya vioo na mabegi ya Kichina tu, bora twende Bagamoyo. Hivi kweli hakuna kitu pale? Msomaji, Ilala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie shemeji asiwahi kucheka, Bagamoyo ataikuta tu.

Nendeni Jumapili asubuhi mapema. Siku za kazi hamtaona jengo hata moja, mtaona migongo ya watu na maguta, na mawinga, wale wanaovuta wateja barabarani, watawauliza "unatafuta nini bosi" kila mkipiga hatua mbili. Anzieni Mnazi Mmoja. Watu wanapaona pale ni uwanja wa kupumzikia na wa mikutano, ila ile nafasi iliachwa wazi makusudi enzi za ukoloni, ili mtaa wa Waafrika utengane na mji wa Wazungu na Wahindi ulioko upande wa bahari. Waingereza waliugawa mji kanda tatu na Kariakoo ikawa kwenye ile ya tatu, ya Waafrika. Kwahiyo mkitoka Barabara ya Bibi Titi mkavuka uwanja mpaka Mtaa wa Lumumba, mmeshavuka mpaka wa kikoloni kwa miguu yenu na wala hamna kibao cha kuwaambia.

Hapohapo Lumumba, zamani ukiitwa New Street, ndipo ilipokuwa ofisi ya chama cha TAA (Tanganyika African Association) na ndipo TANU, chama cha kupigania uhuru, ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo ni ofisi ndogo ya CCM. Simameni kidogo, muendelee.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi. Ingieni mitaa ya ndani, Sikukuu, Swahili, Aggrey, Livingstone, Pemba, na msiangalie juu, angalieni katikati ya ghorofa na ghorofa. Mtaona kitu kifupi chenye bati lililoshika kutu, paa limeteremka pande nne, mlango uko katikati na dirisha kulia na kushoto. Hiyo ndo nyumba ya Kiswahili yenyewe, iliyoujaza mtaa huu wote kabla ya zege. Mbele baraza, ukiingia unakuta ukumbi mrefu unanyooka mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu uani ndo kuna jiko na choo. Za mwanzo zilikuwa za miti na udongo na makuti juu, baadaye watu wakapiga plasta na kuezeka bati. Mwenye nyumba alikuwa anakaa chumba kimoja au viwili na vingine anapangisha, kila chumba familia yake, wengine wanatoka Rufiji wengine Tabora wengine Songea, wote wanapikia ua mmoja na jioni wanakaa baraza moja, na mimi nasema bila kuona aibu kwamba siasa za uhuru hapa Dar zilipikwa kwenye baraza hizo kuliko kwenye ukumbi wowote.

Zilizobaki nyingi zimetobolewa mbele, vyumba vya barabarani vimekuwa fremu za maduka na baraza imeliwa na meza ya chaja na kava za simu. Usikasirike. Chungulia pembeni ya fremu, saa ingine ule mlango wa zamani bado upo na ukumbi unaonekana mpaka nyuma. Ila bisha hodi kwanza, mule ndani wanaishi watu!

Malizieni sokoni. Kambi ya wapagazi wa Carrier Corps wakati wa vita ya kwanza ya dunia, iliyoipa Kariakoo jina lake, kila mtu anaijua, naiacha. Jengo lenyewe la soko ndo mlitazame, lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa ukanda huu, likafunguliwa 1975. Ile miavuli ya zege iliyobebwa na nguzo sio urembo, inakinga mvua na maji yanashuka kwenda kwenye tangi chini, na pande zake ziko wazi ili joto na harufu vitoke vyenyewe bila feni. Nionyesheni ghorofa moja la vioo pale jirani linalofanya hivyo. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya na bado likabaki limesimama.

SWALI: Mjomba, kwanini serikali isizilinde hizo nyumba kabla hazijaisha zote? Mama Z, Magomeni.

JIBU: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, ila inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863, cha baada ya hapo mpaka kitangazwe rasmi kuwa kinalindwa. Sasa piga hesabu dada yangu, huu mji wenyewe Sultani Majid wa Zanzibar aliuanza miaka hiyohiyo ya 1860, Kariakoo ikaja mbali sana baadaye.

Halafu tuambiane ukweli. Nyumba ni ya marehemu babu, warithi wako kumi na kitu, kodi ya chumba haifikii hata robo ya kodi ya fremu, na kilemba cha fremu Kariakoo, ile pesa ya kuingilia, tunakijua sote. Anakuja mwekezaji anasema nyie toeni kiwanja, mimi nashusha ghorofa, nanyi mtapata sehemu yenu humo, na tangu 2008 sheria inaruhusu kila mtu kuwa na hati ya kipande chake ndani ya jengo moja. Wewe ungekataa? Mimi siwalaumu. Ninaowalaumu ni wanaogonga nyumba bila hata kuipiga picha na kupima vyumba, maana hiyo ni kazi ya siku moja na haimzuii mtu kujenga.

SWALI: Naweza kwenda na watoto, na kupiga picha inaruhusiwa? Baba Junior, Tabata.

JIBU: Nenda nao, ila pita mbali na majengo yanayoendelea kujengwa au kuchimbwa, sote tunakumbuka ghorofa lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na watu waliokufa. Picha za barabarani piga, mtu na baraza lake omba kwanza, na simu usiiweke mfuko wa nyuma ukifika Mtaa wa Kongo. Watoto wakichoka pandeni basi la mwendokasi mshuke Magomeni muone nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere, sasa ni makumbusho, na ni nyumba ya kawaida tu.