Mashavu yamejaa, mapaja yanakwisha

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Pasua hapa Moshi, na kazi yangu ni upagazi mlimani. Nikishuka napiga tizi kila siku kwenye jimu ya mtaani hadi nipate safari nyingine. Miezi ya mwanzo nilipata nguvu haraka na mikono ikajaa kidogo, lakini tangu mwaka jana nimeganda kwenye kilo 58. Chuma ninachonyanyua ni kile kile cha makopo ya saruji. Mwenzangu amenipa vidonge vya aina mbili kwenye kikaratasi, anasema nikimeza mwezi mmoja nitajazia kama yeye. Je, nimeze, au kuna zoezi ninalokosea?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimeze. Habari ya chuma tutaifikia, ila hicho kikaratasi kwanza, kwa sababu nimechoka kukiona.

Vidonge vyako sijaviona, lakini vijana wanaoniletea vikaratasi vya namna hiyo huwa wamepewa deksa (deksamethasoni) au prednisoloni, ambazo nazo huitwa steroidi, pamoja na siproheptadini. Deksa huenda unaijua kazini kwako. Waongozaji huibeba kwa ajili ya mgeni aliyezidiwa na mwinuko hadi ubongo ukaanza kuvimba, impe nafuu wakati anateremshwa. Hapo inaokoa maisha. Sasa mtu mzima, hana ugonjwa wowote, anaimeza kila siku kwa wiki kadhaa ili apate mwili. Anachopata ni kinyume chake, kwa sababu deksa hubomoa misuli.

Watu wamesikia kwamba wanyanyua vyuma wa nje hutumia steroidi, wakadhani steroidi zote ni mamoja. Zile wanazotumia wao ni za jamii ya testosteroni. Nazo zina balaa lake: mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine wanaota matiti, na moyo unaumia. Lakini walau zinajenga msuli. Deksa na prednisoloni ni ukoo mwingine kabisa. Hizi huuagiza mwili uvunje protini ya misuli na kuigeuza sukari. Mafuta yanahamia usoni, shingoni na tumboni, na maji nayo yanaweza kubaki mwilini. Basi mizani inapanda, shati linabana, shangazi anasema umependeza, na aliyekuuzia anapata wateja wapya kwa mashavu yako.

Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inafungua hamu ya kula, ni kweli, na inaleta usingizi. Mtu mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani kwenye njia ya mawe hana kazi na dawa ya usingizi.

Mwambie huyo mwenzako akae kwenye kigoda kifupi, cha jikoni, akunje mikono kifuani, kisha ainuke bila kushika popote. Misuli inayoliwa mapema na dawa hizi ni ya mapaja, nyonga na mabega. Nimewaona vijana wenye shingo nene na uso wa duara wanaojaribu mara mbili, wanayumba, halafu mkono unashuka wenyewe kutafuta goti la kuegemea. Hao ndio waliojazia.

Turudi kwenye chuma. Ulipoanza ulipata nguvu haraka kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa inajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo tayari. Hatua hiyo huisha. Baada ya hapo msuli hukua ukidaiwa zaidi ya ulivyozoea, na wewe hujaudai kitu tangu mwaka jana. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari walioumia magoti kwa vyuma vizito vilivyoongezwa kadiri nguvu ilivyorudi, wakati wengi waliamini mgonjwa anyanyue kitu chepesi mara nyingi. Alipima uzito ambao mtu anaumudu mara kumi tu, kisha akaupandisha hatua kwa hatua. Seti tatu za kumi mnazozipiga hapo Pasua zina asili yake huko.

Kwa hiyo: chagua uzito unaokushinda kati ya mara ya 8 na ya 12, seti tatu, ukishusha taratibu. Siku utakapofikisha 12 katika seti zote tatu, ongeza kidogo sana. Najua makopo ya saruji hayaongezeki. Funga mfuko wa mchanga kila upande, kila mmoja umepimwa nusu kilo kwa mizani ya dukani, na uhakikishe umekaza. Kila msuli upate siku mbili au tatu kwa wiki, na saa 48 za kupumzika katikati. Tizi la kila siku kwa msuli ule ule, baada ya siku sita au saba za mlima, linakunyima muda wa kujenga.

Upagazi wenyewe hautakupa kifua. Ni kazi ya saa nyingi kwa mzigo unaoumudu, unajenga pumzi na ustahimilivu. Juu huko hamu ya kula inapungua na mwili unatumia nguvu nyingi, kwa hiyo ukishuka unaanza kwa kulipa deni. Kula. Kwa kilo zako, gramu 90 hivi za protini kwa siku zinatosha kabisa: mayai, maharage, maziwa mgando, dagaa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokauka vizuri ni protini tupu, na Soko la Mbuyuni wamejaa. Mtori peke yake, pamoja na utamu wake wote, ni ndizi nyingi na nyama kidogo.

Haya mambo hayauziki, ndiyo shida. Hakuna atakayepata faida kukuambia uongeze nusu kilo na ulale. Dada zetu wanauziwa vidonge hivi hivi kwa jina la kuongeza makalio, wanafunzi wanapewa waende likizo wamenenepa, na wauzaji wengine wanavitoa kwenye kopo lisilo na maandishi ili usijue hata cha kumwambia daktari. Dawa isiyo na jina wala tarehe ya kuisha usiiweke mdomoni, hata ukipewa na ndugu.

La mwisho ni la huyo mwenzako, na wengine mnaosoma hili mkiwa mmeshameza kwa wiki kadhaa. Msiache ghafla. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni inayofanana na deksa. Zikiona inaletwa kila siku, zinalala. Ukiikata kwa siku moja kabla hazijaamka, presha inaweza kushuka, ukatapika, ukazimia, hata kufa. Nenda hospitali na kikaratasi chenyewe, useme umemeza vingapi na tangu lini, daktari akupunguzie dozi kwa ratiba. Ukimkuta anafoka, vumilia.