Kitabu hiki kinamfaa mwanangu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Humnunulia vitabu vya mtumba hapa mjini Mwanza. Jirani kaniambia vingine serikali imevipiga marufuku. Nitajuaje kinachomfaa?
Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Orodha hiyo mwombe mwalimu mkuu. Lakini orodha haimalizi kazi. Maelfu ya vitabu havimo, na si vyote vya mtoto.

Usiamini jalada, maana hata riwaya za watu wazima huwekewa katuni. Soma sura ya kwanza, kisha kurasa tano za katikati na sura ya mwisho. Katikati ndiko wengi wanakoteleza: mwanzo mtamu, mambo mazito ya mapenzi au ukatili yanaibukia ukurasa wa 80.

Halafu pima lugha. Mpe asome ukurasa mmoja kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vikifika vitano, msomee wewe. Tahadhari tu: anayesoma upesi si lazima awe amekomaa kwa kila habari.

Ukikuta pagumu, usimnyang'anye kitabu kimyakimya, atakitafuta kwa wenzake. Mwambie kwa nini kinasubiri, umpe kingine papo hapo.